Compiler yetu ilifuta kanuni kimyakimya, mulinzi wa turbine kule Pinga akaitwa muharibifu

Wakuu, salamu kutoka Mushaki, Masisi.

Nimekuwa musomaji tu wa jukwaa hii muda mrefu. Leo njo naandika. Sitaongeza chumvi, na mahali sikumbuki vizuri nitasema sikumbuki.

Kiswahili yangu iko ya Kivu, na Kifaransa inaingia ndani bila kubisha hodi. Munivumilie. Tena niko nimechoka, si ya leo tu, kwa hiyo kama mahali fulani naandika kama muntu anayesinzia, mujue ni sababu hiyo.

Mimi ni mwanamuke. Muniite Solange. Kwetu ni watu wa ng'ombe, tunauza maziwa kando ya barabara ya Sake. Nilisoma informatique Goma, na huko nikakutana na kaka mumoja wa Walikale, tumuite Bahati. Wengine kwa darasa walikuwa wanatengeneza site za maduka. Sisi wawili tulikuwa na wazimu ya kutengeneza compiler.

Kwa wale hawako kwa kazi hii: compiler ni programu inayochukua maneno yenye muntu ameandika na kuigeuza kuwa amri zenye mashini inaweza kufuata. Wewe unaandika kwa lugha yako, yeye anapika, mashini inakula. Ni hivyo tu.

Sasa sababu ya kuwa na compiler yetu.

Huku kwa milima yetu maji inaanguka kila mahali. Watu wanaweka turbine ndogo kwa mito: inasaga mihogo, inawasha taa za maternité, mahali wamama wanazalia, inachaji telefone. Shida ni mvua. Muto ikijaa, lazima mulango wa maji ufungwe haraka, la sivyo turbine inazunguka kupita nguvu yake na inavunjika.

Tukatengeneza kisanduku kidogo: chip, kipimo cha maji, na mota ya kufunga na kufungua ule mulango. Lakini kila muto iko na tabia yake, na kila comité ya turbine ilitaka kuandika kanuni zake yenyewe. Kwa hiyo tukatunga lugha ndogo ya Kiswahili. Unaandika: kama maji iko juu, funga mulango. Kama maji iko chini, fungua kidogo. Compiler yetu inageuza, inaingiza kwa chip.

Ikimaliza ilikuwa inaandika neno moja tu kwa screen: Tayari.

Tulipenda sana hiyo. Bahati alikuwa anasema programu ya watu wenye akili haisemi-semi.

Yeye njo aliandika sehemu ya kupunguza, yenye nyinyi munaita optimizer. Chip yetu iko ndogo, kanuni za watu zikawa ndefu, hazikuingia tena. Sehemu ile inapita ndani ya programu, inatafuta kazi yenye inafanywa mara mbili, inaifuta. Wakuu, sijaona muntu anaandika code safi kama Bahati. Ukiisoma unatamani kunawa mikono kwanza.

Kisha mambo ikawa magumu. Munajua wenyewe habari za vita huku. Tulikimbia, tukarudi, tukakimbia, tukarudi. Bahati akaenda Omate kuchimba dhahabu. Aliniambia hivi: "Kichwa imechoka, Solange. Acha mikono nayo itumike."

Nikabaki na compiler peke yangu, na ng'ombe za mama.

Halafu ikaingia telefone kutoka Pinga.

Mvua ilikuwa imenyesha huko juu ya muto, mchana, nguvu sana. Mulango wa maji ulifunguka kidogo kama kawaida, halafu ukabaki wazi. Haukufunga. Turbine ikaanza kulia, ikapasuka roulement, ile beringi ya kuzungukia, courant ya umeme ikakatika. Kwa maternité kulikuwa mama anazaa kwa chumba kisicho na dirisha. Walimaliza na taa za telefone. Mutoto yuko mzima, Mungu asifiwe.

Mulinzi wa turbine ni muzee mumoja, Papa Deo. Alikimbia akafunga mulango kwa ule mukono wa chuma wa kuzungusha. Maji ilikuwa inasukuma, ule chuma ukarudi ukamupiga, ukamuvunja mukono karibu na kiganja. Lakini alifunga. Bila yeye hata nyumba ya turbine ingeenda na maji.

Sasa musikie malipo yake.

Comité ilikaa. Wakachukua kanuni zao, wakasoma: zote ziko sawa. Wakauliza, compiler ilisema nini? Ilisema Tayari. Basi, chip iko sawa, kanuni ziko sawa, mulango ulifunguliwa na nani? Kwa turbine kulikuwa muntu mumoja tu.

Wakamutoa kazi. Na neno ikaanza kutembea kwamba alitumwa aharibu.

Wakuu wa Dar na Nairobi, naomba hapa musimame kidogo. Huku kwetu, muntu akiitwa muharibifu, hiyo neno haibaki kwa réunion. Inafika kwa masikio ya watu wenye hawaulizi maswali mingi.

Muke wake, Mama Jeanne, njo alinitafuta. Namba yangu iko kwa kisanduku.

"Ni weye Solange wa ile mashini?"

"Ni miye, Mama."

"Bwana yangu banamuita muharibifu. Mukono imevunjika, na banasema alijivunja mwenyewe akiharibu. Watoto nimebatuma kwa dada yangu juu ya woga. Sasa, weye njo ulitengeneza. Uulize mashini yako kama ni Deo."

"Nitaiuliza, Mama."

Niliweka telefone chini na nikajua nimesema uongo. Compiler yetu haikuwa na namna ya kuulizwa. Tuliijenga bubu.

Nikaomba Pinga wanitumie kanuni zao. Nikazipitisha kwa compiler. Tayari. Nikazipitisha tena. Tayari. Nilianza kuchukia hiyo neno.

Nikajaribu kusoma amri za chip kwa macho, moja moja. Baada ya muda sikujua tena nasoma nini.

Nikafanya kitu yenye kila mumoja wenu amefanya siku moja: nikatupa print kila mahali. Kila hatua ya compiler iseme iko wapi na imefanya nini. Nikawasha. Wakuu, ilikuwa kama muto wenyewe. Mistari inapita tu, batteri ya laptop ikakufa kabla sijajua hata mwanzo iko wapi. Kwanza ilikuwa bubu, sasa imekuwa mulevi. Hakuna yenye inasaidia.

Niliacha kwa muda. Nilikamua ng'ombe. Nilikuwa nasikia Mama Jeanne kwa kichwa: uulize mashini yako.

Njo hapo nikaelewa kwamba shida si kusema ao kunyamaza. Shida ni kwamba kila muntu anahitaji kusikia kitu yake. Mimi nataka kusikia hatua ya kupunguza peke yake. Siku ingine nitataka hatua ya kusoma maneno. Na yule wa comité hataki hizo zote, anataka kujua tu: kanuni yangu imefika kwa chip ao haikufika?

Kwa hiyo nikajenga hivi. Kila hatua ya compiler ikiingia kazini inatangaza nimeingia, ikitoka inatangaza nimetoka. Ikibadilisha kitu, inasema imebadilisha nini, na ilitoka kwa kanuni gani. Hizo tangazo zinatoka tu, hazijali nani anasikiliza. Halafu juu yake unaweka tabaka za kusikiliza, yoyote unayotaka. Tabaka moja inachuja hatua moja tu. Ingine inaandika yote kwa faili. Ingine inageuza kuwa Kiswahili ya kawaida kwa mwenye kanuni. Ukitaka yako, unaandika yako, unaichomeka, bila kugusa tumbo la compiler. Na kama hakuna anayesikiliza, hakuna kinachoandikwa, laptop haichoki.

Kusema ni rahisi. Kazi yenyewe ilinimaliza.

Sababu kulikuwa jambo moja. Compiler yetu ilikuwa inasahau. Mwanzoni inajua amri hii imetoka kwa kanuni ile, lakini ikifika katikati imeshatupa hiyo habari, amri zimebaki bila baba. Sasa hata kama hatua ya kupunguza ikisema nimefuta kitu, ni kitu ya nani? Ilibidi kila amri ibebe jina ya kanuni yake kutoka mwanzo mpaka mwisho. Yaani nifungue code yote ya Bahati, faili kwa faili, nikipasua kazi safi ya muntu mwingine.

Nilikuwa nafanya kazi mchana tu, sababu laptop inachajiwa na panneau ya jua, na munajua mawingu ya Masisi. Mama alikuwa anapita na bidoni ya maziwa, ananiangalia.

"Hiyo kitu yako inakamuliwa saa ngapi?" aliniuliza siku moja.

"Bado, Mama."

"Ng'ombe ya hivyo tungekuwa tumeshaiuza."

Nilicheka. Ilikuwa siku nyingi sijacheka.

Nilimutumia Bahati ujumbe wa sauti kumueleza. Kule Omate anapata réseau akipanda mulima, kwa hiyo jibu lilichelewa. Lilipofika halikuwa zuri.

"Solange, compiler haina kosa. Nilijaribu kila kitu. Yule muzee njo alifungua mulango, mujue kukubali. Na usijaze code yangu na maneno-maneno."

Nilikasirika. Nikaendelea.

Siku yenye tabaka ya kwanza ilifanya kazi, nilizima zote nikaacha hatua ya kupunguza peke yake. Nikapitisha kanuni za Pinga. Mistari ikatoka michache. Moja ilisema hivi:

"Kupunguza: swali 'maji iko juu?' imeshaulizwa hapo kwanza. Jibu ya kwanza itatumika tena. Swali ya pili imefutwa, na 'funga mulango' yenye ilikuwa inaingojea imefutwa pia."

Nikasoma tena polepole.

Muelewe vizuri, ni rahisi. Watu wa Pinga muto yao inajaa kwa ghafla kuliko ya wengine. Kwa hiyo waliandika kwa akili: pima maji, kama haiko juu, fungua kidogo, halafu pima tena, kama sasa iko juu, funga. Hiyo njo ilikuwa amri yao moja tu ya kufunga. Compiler ikaona swali moja imeulizwa mara mbili. Ikasema, si nimeshajibiwa kwamba maji haiko juu? Kwa nini niulize tena? Ikafuta ya pili. Na kama maji haiko juu, kufunga mulango kuna kazi gani? Ikafuta na hiyo.

Kwa hesabu iko sawa kabisa. Mbili kujumlisha mbili ukiiuliza kesho jibu ni ile ile. Lakini muto si hesabu. Kati ya swali ya kwanza na ya pili, maji ilikuwa inakuja.

Sikufurahi, wakuu. Munaweza kufikiri niliruka. Nilikaa tu pale nje na laptop kwa magoti. Muzee wa watu amevunjika mukono akifunga mulango yenye sisi tulifuta amri ya kuifunga, na anaitwa muharibifu kwa sababu sisi tulisema Tayari.

Kurekebisha yenyewe ilikuwa kazi ndogo: kipimo cha nje kisihesabiwe kama kitu yenye jibu yake inaweza kutumika tena. Mistari michache.

Na hapa nitawaambia ukweli yenye sikuiambia hata Mama. Nilifikiri kutuma toleo jipya tu, niseme tumeboresha, ninyamaze. Comité zingine zikijua, zitatupa visanduku vyetu. Hiyo kazi ni kitu ya mwisho tuliyobaki nayo. Nilifikiri hivyo muda murefu kiasi. Kisha nikapiga picha ya screen nikamutumia Bahati.

Jibu lilichelewa tena. Nilifikiri amekataa. Halafu ikaingia sauti yake, fupi:

"Nimeona."

Na ingine nyuma yake: "Nakuja Pinga. Usiingie kwa comité peke yako."

Safari ya Pinga sitaieleza. Mwenye anaijua anaijua. Pikipiki, matope, kushuka, kusukuma, kupanda tena, kujieleza kwa watu wenye bunduki, kupanda tena. Nilifunga laptop ndani ya kitenge na plastiki kama mutoto. Nilipofika mugongo haikuwa yangu. Bahati alikuwa ameshafika. Alikonda. Tulisalimiana kama watu wa msiba.

Réunion ilifanyika kwa darasa ya shule. Comité mbele, watu wamejaa mpaka kwa madirisha. Papa Deo alikaa nyuma kabisa, mukono imefungwa, haangalii muntu. Mama Jeanne kando yake, yeye anaangalia kila muntu.

Nikaeleza. Président wa comité, muntu wa heshima, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Dada, hizo maneno ziko ndani ya mashini yako. Unaweza kuiandikisha chochote. Tutajuaje?"

Sikuweza kumulaumu. Mimi pia ningeuliza.

Nikageuza laptop upande wake. "Papa Président, uandike weye mwenyewe. Kanuni zenu, na vidole vyenu. Compiler ni ile ile ya zamani, nimeiongezea mudomo tu."

Akamuita secrétaire. Akaandika polepole, watu wanamusahihisha. Nikawasha tabaka ya mwenye kanuni, ile ya Kiswahili ya kawaida. Ikatoka kanuni kwa kanuni: hii imefika. Hii imefika. Hii imefupishwa. Na ile ya kupima tena: imefutwa.

Tukaomba besheni ya maji na kisanduku cha akiba. Tukaingiza kanuni kwa chip, tukaweka kipimo ndani, mota ikafungua. Bahati akamwaga maji mpaka ikapanda juu ya alama. Mota ilinyamaza. Haikufunga. Watu wote waliona maji inamwagika kwa sakafu na mota imenyamaza. Tukaingiza toleo jipya, tukarudia. Mota ikalia, ikafunga.

Bahati akasimama, suruali yote imelowa.

"Hiyo sehemu yenye inafuta, ni miye niliandika," alisema. "Si dada huyu. Ni miye. Papa Deo hakufungua kitu. Alifunga kitu yenye tulikuwa tumeacha wazi."

Mama Jeanne akasimama kule nyuma. "Papa Président, soma tena yenye iko kwa screen. Kwa sauti. Bale ba inje habakusikia."

Akasoma. Alisoma yote, hata ile ya kufutwa. Alipomaliza akavua kofia, akatembea kati ya viti mpaka nyuma, akamushika Papa Deo mukono muzima. Akamuomba musamaha, akamuomba arudi kazini.

Papa Deo akamuangalia usoni.

"Musamaha naipokea," alisema. "Kazi, hapana. Mukono hii haiwezi tena chuma. Na miye nimechoka kulinda kitu ya batu na kuogopa batu wenyewe."

Hakuna aliyemulazimisha. Wakakubaliana neno ipitishwe kwa makanisa yote na kwa soko, kwa jina yake kamili, kwamba hakuharibu.

Kabla hatujaondoka, Papa Deo alitupeleka kwa muto, mimi na Bahati. Alitembea polepole, sisi nyuma. Akatuonyesha mahali chuma ilimupiga. Hakukuwa na hasira. Hiyo njo iliniumiza zaidi.

Kisha akaniuliza: "Sasa, hiyo mashini yako, ikifuta kitu tena, itasema?"

"Itasema, Papa."

"Itasema kwa nani?"

Nilikuwa nimefanya kazi yote ile ili compiler iseme, na sikufikiri kama kutakuwa muntu wa kusikia. Tabaka zote zilikuwa zinangoja mimi niziwashe, mimi niko Mushaki, na yeye njo aliye kando ya maji.

Tulibaki Pinga siku zingine kwa hiyo swali tu. Sasa tabaka ya mwenye kanuni inawaka yenyewe, hauwezi kuizima bila kukusudia. Kitu ikifutwa, compiler haiingizi kwa chip mpaka muntu wa pale asome kwa sauti na akubali. Huko Pinga wamemuweka Mama Jeanne kwa kazi hiyo. Aliitaka mwenyewe. Wanasema haruki hata neno moja.

Comité moja ya upande mwingine walirudisha visanduku vyao walipopata habari. Wengine walibaki. Bahati alirudi Omate, anasema bado mikono haijamaliza. Mimi niko hapa na ng'ombe. Papa Deo analima mihogo na bibi yake, mukono inamusumbua wakati wa baridi.

Yenye nimejifunza, wakuu, si kubwa. Kama unatengeneza kitu yenye iko na ruhusa ya kufuta kazi ya muntu, mupe huyo muntu njia ya kusikia, kwa lugha yake, mahali yuko, si kwa laptop yako wewe. Logi za programmer zilinisaidia kupata kosa. Lakini haikuwa hizo zilizomurudishia Papa Deo jina yake.

Wenye mumefanya kazi kama hii: munaamuaje nini isemwe na nini inyamaziwe? Na kuna muntu kwenu anayesoma kweli, ao faili inajaa tu? Mwagikeni hapa chini. Nikipata jua nitasoma yote.